Lord Egerton wa Njoro na Duke Anayeitwa Egerton ni Ukoo Mmoja? Mwongozo kamili wa kufuatilia vyeo vya kurithi vya Uingereza

Wadau, hii nimeiandika kwa sababu swali linarudi kila mara mtu akitoka kutembea pale kasri la Lord Egerton, Njoro, Kenya. Anafika nyumbani anagugo jina "Egerton", anakutana na Duke wa Bridgewater aliyechimba mfereji, anakutana na Earl wa Wilton, anakutana na Duke wa Sutherland ambaye naye jina lake la ukoo ni Egerton, na masir kibao, basi anachanganyikiwa kabisa na kuamua wote ni familia moja na cheo ni kimoja kinachozunguka. Sio hivyo. Mimi hii kitu naipenda sana, nimeifuatilia muda mrefu, na ukweli wake ukiushika mapema kila kitu kinanyooka: jina la ukoo halirithishi cheo. Kinachorithisha cheo ni hati ya mfalme, maneno yaliyoandikwa mle ndani, basi. Watu kumi wanaweza kuitwa Egerton na hakuna hata mmoja mwenye haki ya cheo cha mwenzake.

Nitatumia Egerton mwanzo hadi mwisho kwa sababu wana karibu kila mtego unaoweza kukutana nao, na kwa sababu chuo kikuu kinachobeba jina hilo tunacho hapa hapa Afrika Mashariki. Njia ni hii hii ukichukua Buxton, Cholmondeley au ukoo wowote.

Hatua ya 1: Tenga jina la ukoo na jina la cheo

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mwingereza mwenye cheo ana majina ya aina mbili na mara nyingi hayafanani hata kidogo. Duke wa Bridgewater alikuwa Egerton kwa ukoo. Earl wa Wilton, Egerton. Earl wa Ellesmere, Egerton. Huyu wa Njoro ndio jina la ukoo limeingia mpaka ndani ya cheo, aliitwa Maurice Egerton, Baron Egerton wa Tatton, na Tatton ni lile shamba lao kubwa la Cheshire karibu na mji wa Knutsford.

Chukua daftari, chora safu nne: jina la ukoo, jina la cheo, mwaka kilipotolewa, na alipewa nani wa kwanza. Usiruke hii hata kama unaona ni kazi ya kitoto, bila hizo safu nne utapotea ukifika katikati, nakuhakikishia.

Namna mtu anavyoitwa nayo inakusaidia. Ukiona "Lord" likifuatwa na jina la cheo moja kwa moja, kama Lord Egerton, huyo kwa kawaida ndiye mwenye cheo. Ukiona "Lord" halafu jina lake la kuzaliwa, kama Lord Francis Egerton, huyo ni mtoto wa kiume wa Duke au Marquess ambaye sio mkubwa, anaitwa Lord kwa heshima tu, hana cheo chake mwenyewe. Mtoto mkubwa wa Earl au aliye juu ya Earl kwa kawaida anatumia cheo kidogo cha baba yake wakati baba bado yu hai, kwa mfano mrithi wa Earl wa Ellesmere alikuwa anaitwa Viscount Brackley, na watu wanaandika kabisa kwamba ni Viscount wakati kisheria cheo bado ni cha mzee. Na "Sir" siku zote linaenda na jina la kwanza. Sir Thomas, Sir John. Ukikuta mtu ameandika "Sir Egerton" jua hajui anachoongelea, usimtegemee kwenye mambo mengine.

Hatua ya 2: Jua ngazi, usikae hapa sana

Kutoka juu: Duke, Marquess, Earl, Viscount, Baron. Hao watano ndio malodi. Chini yao kuna baroneti, ambaye sio lodi lakini cheo chake kinarithiwa, na ndio anaitwa Sir. Kilianzishwa na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611, alikuwa anatafuta hela ya wanajeshi wa Ulster, aliyetaka cheo alitakiwa alipe pauni 1,095 ambayo ni gharama ya askari 30 kwa miaka 3. Knight naye anaitwa Sir lakini akifa imeisha, mtoto harithi kitu. Kwa hiyo ukimkuta Sir yeyote swali la kwanza ni: baroneti au knight?

Na kuanzia sheria ya mwaka 1958 kuna malodi wa maisha, wengi tu, cheo kinazikwa na mwenyewe. Hao waondoe kwenye orodha yako mapema maana wanajaza nafasi bure. Pia usidhani lodi wa kurithi leo ana kiti bungeni, sheria ya mwaka 1999 iliwatoa karibu wote kwenye Baraza la Malodi wakabakizwa 92, na 2024 serikali ikapeleka muswada wa kuwaondoa na hao waliobaki.

Hatua ya 3: Kila hati ihesabu peke yake

Mfalme akitoa cheo, hiyo ni hati moja yenye tarehe yake. Mia ya miaka ikipita mfalme mwingine akatoa cheo chenye jina lile lile, hiyo ni hati nyingine kabisa na namba zinaanza upya kwa mtu wa 1. Sasa tuandike za Egerton.

Mwanzoni yupo Sir Thomas Egerton, mwanasheria hodari aliyefika kuwa Chansela wa Uingereza. Mwaka 1603 alipewa cheo cha Baron Ellesmere, 1616 akawa Viscount Brackley, akafa 1617, na mwaka huo huo mwanae John akapewa cheo cha Earl wa Bridgewater. Mwaka 1720 Scroop, aliyekuwa tayari Earl wa 4, akapandishwa kuwa Duke wa 1 wa Bridgewater. Ona hizo namba: mtu mmoja ni wa 4 huku na wa 1 kule, kwa sababu ni hati mbili. Yule Duke mashuhuri wa mfereji, Francis, alikuwa mtoto wa Scroop, na yeye ni Duke wa 3 na papo hapo Earl wa 6. Mtu asiyejua anadhani hao ni watu wawili.

Pembeni kuna Egerton wengine, tawi la mabaroneti, hati ya 1617, alipewa Sir Rowland Egerton. Mwenye cheo hicho wa 7 alikuwa Sir Thomas Egerton wa Heaton (jina lile lile la yule Chansela, karibu miaka 200 baadaye, usiwachanganye), naye akapewa Baron Grey de Wilton 1784 na Earl wa Wilton 1801.

Halafu Earl wa Ellesmere, 1846. Halafu Baron Egerton wa Tatton, 1859. Halafu Earl Egerton wa Tatton, 1897.

Umeona jina Ellesmere limetokea mara mbili, 1603 na 1846? Na Brackley vilevile, maana yule wa 1846 alipewa na Viscount Brackley humo humo. Mtu mvivu anawaunganisha kwa mstari mmoja, wakati kile cha 1603 kilikuwa kimeshakufa mwaka 1829. Cha 1846 ni kipya, jina tu limeokotwa.

Hatua ya 4: Soma kipengele cha urithi, hiki ndio moyo wa mambo yote

Kila hati inasema cheo kitaenda kwa nani mwenye nacho akifa. Maneno ya kawaida kabisa ni "warithi wa kiume wa mwili wake". Maana yake: watoto wa kiume wa ndoa, na wa kiume waliozaliwa na hao wa kiume, kushuka chini kutoka kwa yule aliyepewa wa kwanza. Sio kaka yake. Sio mtoto wa binti yake. Sio mtoto wa kuasili. Sio mtoto wa nje ya ndoa. Sio mwenye jina kama lake. Wa kwanza akiwa na mabinti watano na hana kijana, akifa cheo kimeenda naye.

Hapo kuna kitu kizuri cha kukumbuka: yule Chansela Sir Thomas Egerton mwenyewe alizaliwa nje ya ndoa, baba yake alikuwa Sir Richard Egerton wa Ridley, Cheshire. Asingeweza kurithi cheo cha mtu. Lakini kupewa cha kwake alipewa, na kuanzia kwake mstari ukahesabika halali. Kurithi na kupewa ni milango miwili tofauti.

Sasa kuna hati zenye kipengele maalum, na hizi ndio tamu. Twende kwa yule Sir Thomas wa Heaton, Earl wa Wilton. Huyu mzee alikuwa hana kijana aliye hai, alikuwa na binti aitwaye Eleanor aliyeolewa na Robert Grosvenor, wale matajiri wa London. Hati yake ya 1784 ilikuwa ya kawaida, wanaume tu. Ya 1801 aliombewa kipengele maalum: cheo kiende kwa mtoto wa kiume wa pili wa Eleanor na wadogo zake wanaofuata. Mtoto wa kwanza akaachwa makusudi maana yeye alikuwa wa kurithi vyeo vya Wagrosvenor. Mzee akafa 1814. Fuatilia kwa makini vyeo vyake vitatu vilivyogawanyika siku ile moja: ubaroni wa 1784 ukafa kwa sababu hakuna mrithi wa kiume, ubaroneti wa 1617 ukaruka ukaenda kwa ndugu wa mbali wa mstari wa kiume, Sir John Grey Egerton wa Oulton, na cheo cha Earl kikaenda kwa mjukuu, kijana Thomas Grosvenor, ambaye 1821 akabadili jina akajiita Egerton. Mtu mmoja, kifo kimoja, njia tatu.

Na haikuishia hapo. Earl wa Wilton wa 7 akafa 1999 bila mtoto wa kiume. Wengi wangesema basi, kimekufa. Lakini hati ya 1801 ilisema "na wadogo zake wanaofuata", na mtoto mwingine wa Eleanor alikuwa ameanzisha ukoo wa kina Baron Ebury, kwa hiyo cheo kikahamia kwa Baron Ebury wa 6, Mgrosvenor. Karibu miaka 200 baada ya wino kukauka maneno yale yakaamka yakafanya kazi. Mimi kila nikiisoma hii nasisimka, kwa kweli.

Mfano mwingine wa haraka, Sutherland. Mwaka 1963 Duke wa 5 wa Sutherland alikufa bila mtoto. Cheo cha Duke kilikuwa cha wanaume tu, kikaenda kwa John Egerton, Earl wa 5 wa Ellesmere. Lakini familia ile ile ilikuwa na cheo cha kale cha Uskochi, Earl wa Sutherland, ambacho mwanamke anaruhusiwa, hicho kikaenda kwa Elizabeth, mtoto wa kaka wa marehemu. Kwa hiyo leo kuna Duke wa Sutherland na kuna Earl wa Sutherland na ni nyumba mbili tofauti.

Kwa hiyo vyeo vya Uskochi na vile vya zamani sana vya Uingereza vilivyoanza kwa barua ya kuitwa bungeni badala ya hati, usiviamulie haraka kwamba mwanamke hapati.

Hatua ya 5: Fuata damu ya baba, usifuate jina

Huku kwetu mtu akibeba jina la babu tunajua katoka upande huo. Kwa hawa jamaa jina lilikuwa linabadilishwa kwa kibali cha mfalme, na sababu kubwa ilikuwa mali. Mzee anaandika kwenye wosia: nitakuachia shamba lakini lazima ujiite jina langu. Mtu anajiita.

Shika Egerton wa Tatton. Zamani kweli walikuwa Egerton, tawi lililotoka kwa mtoto wa tatu wa Earl wa 2 wa Bridgewater. Samuel Egerton wa Tatton alikufa 1780, mali ikaenda kwa dada yake Hester, aliyekuwa ameolewa na bwana William Tatton. Hester akarudia jina la Egerton, mwanae naye akawa Egerton, na ndio ukoo uliopata ubaroni 1859. Kwa damu ya baba, Lord Egerton wa Njoro alikuwa Mtatton.

Shika Ellesmere. Duke wa mfereji hakuoa. Mali yake kubwa ile ya migodi ya makaa na mfereji wa Bridgewater uliofunguliwa 1761 akaiweka kwenye udhamini kwa ajili ya mpwa wake wa ukoo wa Leveson-Gower, kisha kwa mtoto wa pili wa huyo mpwa. Huyo mtoto wa pili ndio yule Lord Francis niliyemtaja juu, alizaliwa Leveson-Gower, akajiita Egerton 1833 alipoipata mali, na 1846 akawa Earl wa Ellesmere. Kwa damu ya baba ni Leveson-Gower, na ndio maana kizazi chake kikaweza kurithi Sutherland mwaka 1963, maana Duke wa 1 wa Sutherland ndiye yule mpwa mwenyewe.

Na Wilton tumeshaona, Grosvenor.

Kwa hiyo koo tatu za "Egerton" zilizokuwa na malodi kwenye karne ya 20, Tatton, Ellesmere na Wilton, zote tatu jina lilipita kwa mwanamke. Waliobaki na damu ya kiume walikuwa mabaroneti wa Oulton, ambao wala hawakuwa malodi. Ukichora mti kwa kufuata jina utaunganisha watu wasio na baba mmoja. Chora mstari mzito kwa baba kwenda mtoto, na mstari wa nukta mahali popote jina lilipopitia kwa mama.

Hatua ya 6: Kimekufa, kimelala, kinaning'inia, au kimemezwa?

Kimekufa: hakuna mtu yeyote aliyebaki kwenye kipengele. Kimelala: huenda yupo lakini hakuna aliyethibitisha. Kinaning'inia: vile vya zamani vinavyokubali wanawake, mzee akiacha mabinti kadhaa wote wako sawa, hakuna mkubwa kwa mdogo, kwa hiyo hakuna anayekipata mpaka mfalme aamue au mstari ubaki mmoja. Kimemezwa: kipo ndani ya cheo kikubwa cha mtu yule yule, kama Earl wa Ellesmere alivyo sasa ndani ya Duke wa Sutherland.

Bridgewater kilikufa kwa awamu. Duke Francis akafa 1803, cheo cha Duke kikafa maana hakuna mwanaume mwingine aliyeshuka kutoka kwa Scroop. Cha Earl kikaendelea kwa binamu, wa 7, kisha mdogo wake wa 8, Francis Henry, aliyefariki 1829 na kuiachia British Museum mkusanyiko wake wa miswada unaoitwa Egerton mpaka leo. Hapo ukoo wa kiume wa Bridgewater ukaisha. Yule wa 7 alikuwa ameacha wosia wa ajabu kweli: mali iende kwa Viscount Alford, ila akifa hajapata cheo cha Marquess au Duke wa Bridgewater basi mali iwaondoke kizazi chake. Alford akafa 1851 cheo hajapata. Kesi ikaenda mpaka Baraza la Malodi, 1853, wakasema sharti hilo ni batili kwa sababu linamsukuma mtu akashinikize watawala ili apate cheo, ni hatari kwa umma. Wanafunzi wa sheria wa Kenya na Tanzania mtaikuta kwenye vitabu vya mikataba na dhamana, Egerton dhidi ya Earl Brownlow.

Na Tatton. Baron wa 2 alipandishwa kuwa Earl 1897, huyu ndio alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya mfereji wa meli wa Manchester. Akafa 1909 bila kijana. Cheo cha Earl kikafa naye kwa sababu kilianzia kwake, lakini ubaroni ulianzia kwa baba yake, kwa hiyo mdogo wake Alan akaupata, na 1920 ukaenda kwa mtoto wa Alan, Maurice. Huu mfano muusome mara mbili. Kaka harithi kwa sababu ni kaka, anarithi kwa sababu wote wawili ni watoto wa yule aliyepewa wa kwanza.

Maurice alikuwa rubani wa zamani kabisa, leseni yake ya 1910 ilikuwa namba 11 Uingereza. Alihamia Njoro, 1939 akaanzisha shule ya kilimo, wakati huo kwa vijana wa kizungu, ikaja kuwa chuo na mwaka 1987 chuo kikuu kamili. Hakuoa. Alifariki 1958 na ubaroni ukafa siku hiyo. Tatton Park aliiachia National Trust. Kwa hiyo mtu yeyote anayejiita Lord Egerton wa Tatton leo hii, popote alipo, ni muongo.

Hatua ya 7: Thibitisha, usiamini mti wa mtandaoni

Kwa wanaoishi leo, angalia Rejista Rasmi ya Mabaroneti (ilianzishwa kwa agizo la mfalme 1910) na ile ya malodi (2004). Mtu akifiwa na baba hapati kutambuliwa mpaka apeleke vyeti na aingizwe humo, kwa hiyo kuna watu ambao cheo ni chao lakini hawajadai. Kwa tarehe za vyeo vipya tafuta gazeti la serikali, London Gazette, limekuwepo tangu 1665 na matoleo ya zamani yanasomeka bure mtandaoni hata ukiwa Mwanza na bando lako dogo. Vitabu vya koo za malodi, Burke's na Debrett's, vinasaidia kupata ramani ya ukoo, ila matoleo ya zamani ya Burke's yana hadithi za mababu wa kupamba, msingi wako uwe kwenye vyeti.

Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo kwa England na Wales vinaanza Julai 1837, Uskochi 1855. Kabla ya hapo ni vitabu vya makanisa, vilivyoagizwa tangu 1538. Wosia wa kuanzia 1858 una faharasa moja ya nchi nzima. Makaratasi ya Egerton wa Tatton yako maktaba ya John Rylands, Manchester, na ya Bridgewater na Ellesmere mengi yalinunuliwa na maktaba ya Huntington, California, mwaka 1917. Usishangae kukuta historia ya Cheshire imehamia Marekani, ndivyo zilivyouzwa.

Cha kuangalia kwa macho makali zaidi ni tarehe ya ndoa na tarehe ya mtoto wa kwanza. Na sasa kuna DNA. Ubaroneti wa Pringle wa Stichill, Uskochi, wa mwaka 1683: Sir Steuart Pringle, aliyehesabiwa wa 10, alifariki 2013, mwanae akajua ni zamu yake. Kumbe watu wa ukoo walikuwa wamepima DNA kujua matawi yao, na vipimo vikaonyesha Sir Steuart hakutoka kwenye mstari wa kiume wa Pringle, yaani baba yake hakuwa mtoto wa baroneti wa 8. Mwaka 2016 majaji wa Baraza la Faragha (Privy Council) wakaukubali ushahidi ule, cheo kikaenda kwa binamu, Murray Pringle, mhasibu. Zaidi ya miaka 100 baada ya ndoa ya baroneti wa 8 ya mwaka 1902, iliyoanzisha tatizo.

Hatua ya 8: Kama jina lako linafanana na lao

Nasema hili kwa uzito kwa sababu watu wanaliwa hela. Inakuja imeili: umefanana jina na marehemu lodi fulani, hana mrithi, wewe tuma ada ya wakili tukugawie urithi. Umeshasoma mpaka hapa, unajua tayari kwamba jina halirithishi. Na cheo na mali ni vitu viwili, mali inafuata wosia, Maurice Egerton aligawa yake bila kujali cheo kinaishaje. Usitume hata shilingi.

Wengine wanauza futi moja ya ardhi Uskochi wanakuambia sasa wewe ni Lord. Sio lodi, umenunua kumbukumbu ya utalii. Wengine wanauza "ulodi wa manor", huo ni haki ya kale ya umiliki wa eneo, unauzika kweli, lakini haukufanyi kuwa lodi wa kuitwa Lord. Cheo cha kurithi chenyewe hakiuzwi, na kufanya biashara ya vyeo vya heshima ni kosa la jinai Uingereza tangu sheria ya 1925. Ukiwa nacho na hukitaki unaweza kukikataa kwa maisha yako yote chini ya sheria ya 1963, kama alivyofanya mwanasiasa Tony Benn, lakini huwezi kumuuzia wala kumpa jirani.

Jaribu mwenyewe na Delamere

Chukua daftari lile lile. Lord Delamere wa Kenya, Hugh, Baron wa 3, 1870 hadi 1931, yule ambaye barabara yake Nairobi sasa ni Kenyatta Avenue. Jina la ukoo Cholmondeley, linatamkwa Chamli. Jina la cheo Delamere, hati ya 1821, alipewa Thomas Cholmondeley wa Vale Royal, Cheshire. Usikichanganye na Baron Delamer wa 1661, hao walikuwa ukoo wa Booth, hati nyingine.

Sasa kuna Marquess wa Cholmondeley, jina la ukoo lile lile, mkoa ule ule wa Cheshire, cheo cha 1815 juu ya cha Earl cha 1706 juu ya cha Viscount wa Kells cha 1661. Na safari hii damu ni moja kweli, wote wanashuka kwa baba mmoja, Sir Hugh Cholmondeley aliyekufa 1601. Je, nyumba ya Marquess ikiishiwa wanaume, kina Delamere watarithi?

Fungua kipengele. Viscount wa 1661 alikuwa Robert, mjukuu wa Sir Hugh. Kina Delamere wanatoka kwa Thomas, baba mdogo wa Robert. Hawakutoka kwenye mwili wa aliyepewa wa kwanza, na vyeo vya juu yake vilitolewa kwa kizazi cha huyo huyo Robert. Kwa hiyo hapana, hawapati hata kimoja, japo ukoo ni wao, jina ni lao na babu ni wao.